Maneno ya Mpiga Picha wa Juani: Kutoka Pwani hadi Ihanda

Utangulizi

Katika kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi, macho yetu huelekea kwanza kwenye fani zenye vyuo, vitabu na wataalamu wenye vyeti: sheria, utabibu, uhandisi, uchumi. Fani hizo zina haki ya kutangulizwa, kwani hufundishwa na kuandikiwa kila siku. Hata hivyo zipo kazi nyingine ambazo watu hujifunza kwa kutazama na kusikia, na ambazo maneno yake huishi vinywani bila kufika kwenye orodha zetu. Mojawapo ni kazi ya mpiga picha wa kijijini asiye na studio wala taa, anayemsimamisha mteja wake nje ya nyumba, akamtazama usoni, akalitazama jua, kisha akamwambia asogee hatua mbili.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya kazi hiyo yalivyoingia katika Kiswahili, jinsi yalivyobadilika maana, na mahali yanapopungukia. Mfano wetu ni Ihanda, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ufundi wa picha haukuanzia huko. Tumeichagua Ihanda kwa sababu iko mbali na pwani ambako maneno yalitoka, na mbali zaidi na Ulaya ambako vitabu vya ufundi vilitoka. Hoja yetu ni kwamba istilahi za mwanga haziwezi kufasiriwa kutoka vitabu vya nchi za baridi na kuachwa hapo. Hapana budi zipimwe chini ya jua lile litakalotumika.

Asili ya ufundi wenyewe

Wasomaji watakumbuka kwamba ufundi wa picha ulitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839, kwa njia ya Louis Daguerre. Kabla yake, Nicéphore Niépce alikuwa amekwisha kunasa mandhari ya dirishani kwake, karibu na mwaka 1827, kwa kuiachia jua sahani yake kwa muda wa saa 8 au zaidi. Mwaka huohuo wa 1839, mtaalamu wa Uingereza, John Herschel, aliupa ufundi huo jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya mwanga na jingine lenye maana ya kuandika. Ni yeye pia aliyeleta istilahi ambazo leo tunazisema kwa Kiswahili kuwa picha hasi na picha chanya. Hivyo ufundi huu ulizaliwa pamoja na istilahi zake, na aliyeziunda hakuwa mtu wa lugha bali mtu wa kazi.

Neno kamera nalo lina historia ndefu. Kwa Kilatini maana yake ni chumba, na jina kamili la chombo cha kwanza lilikuwa na maana ya chumba chenye giza. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyeishi katika karne ya 10 na ya 11, alikwisha kueleza jinsi mwanga upitao katika tundu dogo unavyochora ndani ya chumba cheusi umbo la kitu kilicho nje. Mafundi wetu walipokiita mahali pa kusafishia filamu chumba cha giza, walilirudia jina hilo la kale bila kuazima kwa mtu yeyote.

Picha za watu za miaka ya mwanzo zilihitaji mwanga mwingi na subira nyingi. Mtu alikaa bila kutikisika kwa muda mrefu, na mara nyingi kichwa chake kiliegemezwa kwenye chuma nyuma ya shingo ili kisiyumbe. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya walijenga vyumba vyenye paa na kuta za vioo, wakavielekeza kaskazini. Upande huo kwao jua haliingii moja kwa moja wakati wa mchana, na mwanga wake ni mpole na wa kudumu. Kanuni hiyo ya dirisha la kaskazini iliingia vitabuni ikawa kama sheria. Tutairudia tutakapofika Ihanda.

Kamera yafika pwani na bara

Katika Afrika Mashariki, miongoni mwa watu wa mwanzo kupiga picha alikuwa James Augustus Grant, aliyefika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke katika safari yao ya kutafuta chanzo cha Nile. Grant alipiga picha mjini Zanzibar, lakini safari ya bara ilimlazimu aache. Joto la hema dogo alimotengenezea vioo vyake lilikuwa likimdhuru, akaona heri achore kwa mkono. Kisa hiki chafaa kukumbukwa, kwani chaonyesha kwamba tangu mwanzo tatizo la picha katika nchi zetu halikuwa uhaba wa mwanga. Jua lilikuwa tele. Taabu ilikuwa joto, vumbi na umbali.

Kabla ya karne ya 19 kwisha, Zanzibar ilikuwa na studio za biashara, zikiwamo zile za A. C. Gomes na ndugu wa ukoo wa Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua humo Capital Art Studio. Huko mjini picha ya sura ilikuwa kazi ya ndani: pazia lililochorwa, kiti cha kupambwa, na mwanga uliodhibitiwa.

Bara hali ilikuwa nyingine. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwishoni mwa karne hiyo wakafika kwa Wanyiha wa Mbozi, ambako Traugott Bachmann alifanya kazi kwa miaka mingi. Picha zilizopigwa na wamisionari wa nyanda hizi zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za kanisa lao huko Herrnhut, Ujerumani. Nyingi katika picha za namna hiyo zilipigwa nje: mbele ya nyumba, barazani, chini ya mti, au uwanjani palipokusanyika watu. Hapakuwa na studio, na hapakuwa na mwanga mwingine ila wa jua.

Jambo moja katika picha za enzi ya ukoloni lazima tulitaje. Mara nyingi aliyepigwa picha hakuandikwa jina. Chini ya picha palikuwa na jina la kabila, au neno kama mpagazi, askari, mwanamke wa mahali fulani. Aliyeshika kamera alijulikana, na aliyekaa mbele yake akawa mfano tu wa kundi. Sura ilichukuliwa na mwenye sura akaachwa. Jambo hilo lina athari katika lugha, kama tutakavyoona.

Sanamu, sura, taswira, picha

Kiswahili hakikuwa na uchi wakati picha zilipokuja. Lilikuwapo neno sanamu, lililotoka Kiarabu, na ambalo kamusi za zamani zililipa maana pana: kinyago, mfano wa kitu, na hata picha. Lilikuwapo neno taswira. Lilikuwapo pia neno sura, ambalo kwa Waarabu lina maana ya umbo na pia ya picha, lakini kwa Waswahili lilikwisha kukaa usoni mwa mtu na katika umbo lake la nje. Katikati ya maneno hayo likaingia neno la Kiingereza, likapata mwisho wa irabu na kuwa picha, likashinda.

Kwa nini lilishinda? Kwa maoni yetu, sababu kubwa ni kwamba lilikuja jeupe. Sanamu lilikuwa limebeba uzito wa ibada na vinyago, na taswira lilikuwa neno la wasomi. Picha halikuwa na deni kwa mtu. Hata leo neno sanamu limejifunga zaidi kwenye umbo linaloshikika, na taswira limehamia kwenye fasihi na fikra. Kila neno limepata makao yake, na hakuna lililopotea.

Kitenzi nacho kinastahili kuangaliwa. Twasema kupiga picha, kama tusemavyo kupiga chapa, kupiga pasi, kupiga simu, kupiga hodi na kupiga kura. Kitenzi hiki hakina ukali katika matumizi hayo. Huonyesha tendo linalofanywa kwa chombo au kwa mara moja. Lakini lipo jambo ambalo kamusi hazilielezi vya kutosha. Mteja anapokwenda kwa mpiga picha husema, "Nataka kupiga picha." Familia ikivaa vizuri siku ya sikukuu husema, "Twende tukapige picha." Wasemao hivyo hawana kamera. Hivyo katika Kiswahili cha kila siku, mwenye kamera hupiga picha, na mwenye sura hupiga picha vilevile. Kazi ni ya watu wawili na kitenzi ni kimoja.

Tukilinganisha na yale tuliyoyasema juu ya picha za ukoloni, tofauti ni kubwa. Mtu asiyeombwa ridhaa wala kuandikwa jina amepigwa picha. Mtu aliyetoa fedha yake, akachagua nguo yake na mahali pa kusimama, amepiga picha. Mnyambuliko wa kutendwa na ule wa kutenda umeitunza historia hiyo. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuwasahihisha wasemao hivyo. Usemi huo ni sahihi, na unastahili kuingizwa kamusini kama maana ya pili.

Jua la Ihanda

Sasa tufike Ihanda. Mahali hapa pako karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, katika nchi ya juu ya Mbozi, nchi ya kahawa na udongo mwekundu. Kwa miaka mingi vijiji vya sehemu hizi havikuwa na umeme, na mpiga picha aliyefika siku ya gulio au ya harusi alitegemea jua peke yake. Filamu yake aliipeleka mjini kusafishwa, na wateja walingoja. Picha ikiharibika, siku ile ilikuwa imekwisha kupita, pengine na mzee aliyepigwa alikuwa amekwisha kufariki. Katika nyumba nyingi picha pekee ya babu au bibi ni ile ndogo iliyopigwa kwa ajili ya karatasi fulani ya serikali, na ndiyo ikuzwayo kuwekwa mbele ya jeneza. Kosa la mwanga katika picha kama hiyo si kosa dogo.

Tuichukue basi ile kanuni ya dirisha la kaskazini tuione kwa jua la Ihanda. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa Ihanda. Mwezi wa Juni husimama kaskazini kwa umbali wa digrii 32 hivi kutoka utosini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari hupita upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua la mchana kwa miezi zaidi ya 7 katika mwaka. Mfasiri atakayeandika kwamba mwanga wa kaskazini ni mpole atakuwa amefasiri maneno yote sawasawa, na atakuwa amempoteza fundi wa Ihanda. Katika Kiswahili kinachofaa kanuni hiyo husomeka hivi: mteja awekwe upande wa nyumba uliokingwa na jua kwa majira yale.

Saa nazo zina mtego wake. Saa za nchi yetu zimewekwa kwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nayo Ihanda iko karibu na digrii 33. Jua hufika kilele chake huko karibu saa saba kasorobo mchana, wakati Dar es Salaam hufika kama dakika 25 kabla. Kitabu kikisema tu kwamba saa sita ni saa mbaya ya kupiga picha, kitakuwa kimempa msomaji wa Mbozi saa isiyo yake. Wenyeji hawahitaji saa hiyo. Lugha ina usemi wake, jua la utosi, nao ni sahihi kuliko saa ya mkononi, kwa kuwa unataja mahali jua lilipo na athari yake: macho huingia gizani chini ya nyusi, pua huangusha kivuli juu ya mdomo, na paji la uso hung'aa peke yake.

Vivyo hivyo kwa ule mwanga mzuri wa asubuhi na jioni. Vitabu vya kigeni huupa jina la saa ya dhahabu, na siku hizi wako vijana wanaolifasiri jina hilo neno kwa neno. Katika nchi za kaskazini jua huchomoza na kutua kwa mshazari. Mjini London, hata katika siku ambazo usiku na mchana hulingana, jua huchukua saa moja na robo hivi kupanda digrii 12 kutoka upeo wa macho. Ihanda jua hupanda karibu wima, na umbali huohuo hulichukua kama dakika 50 tu. Anayeambiwa ana saa nzima ya dhahabu atakuta imemponyoka. Lugha yetu ina mawio na machweo, na ina jua la mawio na jua la machweo. Maneno haya yanataja hali ya jua bila kuahidi muda, na kwa sababu hiyo yanafaa kila mahali.

Kivuli na uvuli

Tatizo gumu kuliko yote tulilolikuta ni la neno kivuli. Tulipokuwa Ihanda tulimsikia mpiga picha akimwambia mama mmoja aliyekuja kupiga picha: "Mama, sogea kivulini, lakini angalia kivuli kisikuguse usoni." Yule mama alisogea, akasimama, akauliza, "Basi niingie au nisiingie?"

Swali lake lilikuwa la haki. Katika sentensi moja kivuli kimekuwa mahali pema na kitu kibaya. Maana ya kwanza ni mahali pasipofikwa na jua, ambapo mwanga huja kutoka anga yote na kuenea sawasawa usoni. Maana ya pili ni umbo jeusi linaloangushwa na kitu kilichozuia jua: kofia, tawi, pua, au mpiga picha mwenyewe. Katika maisha ya kawaida mchanganyiko huu haudhuru. Methali isemayo mchumia juani hulia kivulini haimsumbui mtu, na hatuna nia ya kuigusa. Katika kazi ya picha, hata hivyo, maana hizi mbili ni kama maji na moto, kwani fundi huitafuta moja ili aikimbie nyingine.

Dawa imo katika lugha yenyewe. Shina -vuli limezaa kivuli, limezaa uvuli, na twaliona pia katika mwamvuli. Kiambishi ki- mara nyingi hutaja kitu chenye mipaka kinachohesabika: kivuli kimoja, vivuli viwili. Kiambishi u- hutaja hali au eneo lisilohesabika, kama katika ukungu na ukavu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika fani ya picha neno uvuli litumike kwa mahali palipokingwa na jua, na neno kivuli libaki kwa umbo linaloanguka. Mpiga picha atasema: "Simama uvulini, kivuli cha tawi kisikufike usoni." Neno si geni, kamusi inalo, na mgeni wa kazi atalielewa kwa kulisikia mara moja.

Tofauti hii ina kipimo chake. Kwa kanuni inayojulikana kwa wapiga picha, uvuli ulio wazi kwa anga huwa na mwanga pungufu karibu mara 8 kuliko jua kali. Mtu aliyesimama uvulini mbele ya uwanja uliojaa jua atatoka mweusi tititi, kwa kuwa kamera imeufuata uwanja na kumsahau yeye. Zaidi ya hayo, uvuli huchukua rangi ya vitu vilivyouzunguka. Chini ya mgomba au mbuni uso huingia ukijani. Karibu na udongo mwekundu kidevu huwa chekundu. Mafundi huzuia jambo hilo kwa kutandika kitambaa cheupe au kumsogeza mteja karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Kifaa hicho cha kurudishia mwanga tunapendekeza kiitwe kiakisi, kutokana na kitenzi akisi.

Rangi ya mwili

Lipo neno jingine ambalo mfasiri lazima alisimamie kwa uangalifu. Vitabu vingi vya zamani vya ufundi wa picha vilizungumza juu ya rangi ya mwili kana kwamba ni rangi moja, na rangi hiyo ilikuwa ya Mzungu. Kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na rangi za picha za watu wote zililinganishwa na ngozi yake. Filamu za rangi za miaka ile zilishindwa kuonyesha vyema ngozi nyeusi. Watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti nao walilalamika kwamba rangi za bidhaa zao hazionekani sawasawa, na malalamiko hayo yalichangia filamu kuboreshwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990.

Vipima mwanga vya kamera navyo huchukulia kwamba kila kitu kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu, inayorudisha mwanga kiasi cha asilimia 18. Uso mweusi ukijaza picha, kamera huudhani ni kijivu kilichokosa mwanga na kuupausha. Uso huohuo ukiwa mbele ya pazia jeupe, kamera hupunguza mwanga kwa sababu ya weupe wa pazia, na uso ukafifia gizani. Hili la pili ndilo limewapata wengi, kwa kuwa picha za pasipoti hutakiwa mara nyingi ziwe na pazia la rangi nyepesi. Mwanafunzi hurudishiwa fomu yake kwa kuambiwa uso hauonekani, ilhali uso wake hauna kosa.

Kwa hiyo, katika tafsiri za fani hii, tusiandike rangi ya mwili kama istilahi. Tuseme rangi ya ngozi ya mpigwa picha, ili kila mara fundi akumbushwe kumtazama mtu aliye mbele yake. Istilahi inaweza kumdhulumu mtu pasipo mfasiri kukusudia.

Neno lililobaki kazi ilipokwisha

Kabla hatujahitimisha, tutaje neno kusafisha. Wakati wa filamu, picha ilioshwa kwa dawa na maji ndani ya chumba cha giza, na watu wakasema kusafisha filamu, kusafisha picha. Leo picha nyingi hupigwa kwa simu na kutolewa kwa mashine ya kuchapia, bila dawa, bila maji, bila giza. Hata hivyo katika maduka ya mijini na vijijini watu bado husema wamepeleka picha kusafishwa. Wako wanaotaka neno hili liondolewe kwa kuwa halieleweki tena kwa maana yake ya asili.

Sisi hatukubaliani nao. Neno likisha kukaa kwa umma lina haki ya kuzeeka likiwa kazini. Watu wa Mbozi wanalo jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo habari zake zilifika kwa wataalamu wa nje mwaka 1930, na wageni wengi hupiga picha mbele yake. Huitwa Kimondo, neno walilokuwa nalo Waswahili kwa kile kimwekacho angani usiku. Sayansi ilipokuja ililikuta neno lipo, na haikulazimika kuunda jingine. Ndivyo tunavyoona kuhusu kusafisha: lihifadhiwe kwa maana yake ya jumla ya kuitoa picha katika hali ya kuweza kushikwa mkononi, na pale ufundi unapotaka upambanuzi, tuseme kusafisha kwa dawa na kuchapa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya kumpiga mtu picha juani, ambayo yaonekana nyepesi, ina maarifa yake, na kwamba maarifa hayo yanahitaji maneno yasiyogongana. Mapendekezo yetu ni haya. Picha inayokusudia kumwonyesha mtu mwenyewe iitwe picha ya sura, kwa kuwa sura hubeba uso na umbo kwa pamoja, na picha ya uso iachiwe ile ndogo ya pasipoti. Uvuli na kivuli vitenganishwe kama tulivyoeleza. Jua la utosi, jua la mawio na jua la machweo yakubaliwe kuwa istilahi za fani, na tafsiri za neno kwa neno zinazogongana nayo ziachwe. Kiakisi kitumike kwa kifaa cha kurudishia mwanga. Kupiga picha kupewe kamusini maana zake zote mbili, ya mwenye kamera na ya mwenye sura. Neno mwanga litumike kwa mwanga upimwao, na nuru liachiwe washairi na wahubiri. Hatuhofii kwamba litachanganywa na mwanga yule wa usiku, maana upatanisho wa kisarufi huwatenga: mwanga huyu ni mmoja wa wanga, na mwanga huu ni wa jua.

Haya ni mapendekezo, wala si uamuzi. Twawaomba wapiga picha wa mikoa yote, hasa wale wa vijijini, watuletee maneno wanayoyatumia kazini, pamoja na maelezo ya mahali na majira wanapoyatumia. Walimu wa sanaa na wafasiri wa vitabu vya ufundi nao wasingoje orodha ikamilike. Wayajaribu maneno haya nje, mchana, mtu akiwa amesimama mbele ya kamera, kisha watuandikie yapi yamefaa na yapi yameshindwa.